Zamu ya Jumatatu

Mume wangu Elinaza ana miaka thelathini na minne, ana cheti cha ufundi umeme, ana mtoto mmoja, na kila akipata nafasi anakwenda porini kutafuta makopo. Nasema makopo kwa sababu ndivyo yalivyo. Yeye anayaita keshi. Mtu anaficha kopo mahali, anaweka namba za mahali hapo kwenye mtandao, na mtu mwingine anakuja na simu yake kulisaka. Akilipata anaandika jina kwenye kidaftari kilichomo ndani, analirudisha palepale, kisha anarudi nyumbani na miba kwenye soksi na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Zawadi hakuna. Nimeuliza mara nyingi, hakuna.

Huku Same makopo ni machache na alishayamaliza. Lilibaki moja tu. Mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekaa Vudee mwaka mzima ndiye aliyelificha, akalipa jina Zamu ya Maji, akarudi kwao. Hilo halikuwa la kufuata namba tu. Namba zenyewe mbili, ya kusini na ya mashariki, alizikata tarakimu tatu za mwisho akazifunga kwenye fumbo, na miezi minane ikapita bila mtu kulifumbua. Sasa Vudee ndiko alikozaliwa Elinaza, na mama yake bado anaishi huko. Wazo kwamba mgeni atatoka Arusha aje kuandika jina la kwanza kwenye kopo la Vudee lilimnyima raha kabisa.

Jumapili saa mbili asubuhi akaniambia anakwenda kumsalimia mama.

"Msalimie mama," nikamjibu, "na kopo nalo ulisalimie."

Akacheka, akambeba mtoto wetu Agape akamzungusha mara mbili, akaondoka.

Jioni simu yake ikawa haipatikani. Nilikasirika kabla ya kuogopa, mimi ndivyo nilivyo. Nikasema huko mlimani mtandao unakuja na kwenda, simu ya mama haijawahi kuwa na chaji tangu inunuliwe, basi kalala huko na mimi nimepika wali wa watu watatu. Nikalala na hasira zangu. Lakini Jumatatu alfajiri bado haikupatikana, na Elinaza hajawahi kukosa kazini Jumatatu hata siku moja. Hapo hasira ikaisha. Nilibaki nimekaa kitandani na simu mkononi, nikijua kwamba kuna jambo limetokea.

Nikamwacha Agape kwa jirani yangu Salha, nikachukua pikipiki ya kwanza niliyoiona. Dereva aliniuliza kama nina msiba. Nikamwambia aendeshe.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba akiosha vyombo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa kuchangamka, kisha akaangalia nyuma yangu kuona nimekuja na nani.

"Mama, Elinaza yuko wapi?"

"Elinaza?" akasema. "Elinaza hajafika huku."

Sufuria ikamtoka mkononi. Nilidhani ni mshtuko wa kawaida wa mzazi. Niliiokota mimi. Nilipompa, hakuipokea, nikaiweka chini.

Mama ni mwanamke jasiri. Ni mzee wa kanisa usharikani, na alimzika mumewe mzee Asheri akabaki analima peke yake. Sijawahi kumwona hivyo. Asubuhi ile alikuwa akinitazama kisha anatazama pembeni, na mara mbili alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno akaufunga. Nikaogopa zaidi kwa sababu yake.

Nilichokuwa nacho ni kitu kimoja. Elinaza aliwahi kuniwekea ule mchezo kwenye simu yangu, eti siku moja nitaupenda, akaingiza na akaunti yake. Nikafungua ukurasa wa Zamu ya Maji. Kama amekwenda kulitafuta kopo, basi mahali lilipo kopo ndipo alipo yeye. Ilibidi nilifumbue lile fumbo, mimi ambaye nimeucheka mchezo wake miaka mitatu.

Fumbo lilisema hivi: nyumba sita, siku sita, Jumapili maji yanalala. Jumatatu ni moja, Jumamosi ni sita. Zikafuata nyumba sita kwa majina. Uandike zamu ya kila nyumba kwa mpangilio wa orodha ile: tatu za mwanzo ukamilishie namba ya kusini, tatu za mwisho ukamilishie namba ya mashariki. Chini kabisa akaandika: panda mti, tafuta mzinga wa zamani usio na nyuki.

Mimi ni mtu wa Kihurio, nimekulia kwenye mashamba ya mpunga, habari za zamu za maji sihitaji kufundishwa. Kule juu wana ndiva, yaani bwawa la udongo linalojaa usiku. Asubuhi linafunguliwa, na maji yote ya siku hiyo ni ya nyumba moja. Kwa ndiva ile nyumba ni sita. Kilichonishinda ni kujua nani ana siku gani.

"Wameandika kwenye ubao pale ndiva," mama akasema. "Twende."

Paschal, jirani wa mama, alikuwa ameshafika ndiva, amevaa gamboti, anajiandaa kufungua. Ubao ulikuwa umepigiliwa kwenye nguzo, kamati ya maji imeuandika kwa rangi nyeupe. Jumatatu, kwa Paschal. Nikashuka mstari kwa mstari mpaka Jumamosi: kwa Asheri, yaani kwetu. Nikanakili tarakimu sita mkononi kwa kalamu.

"Shikamoo, baba. Hukumwona Elinaza jana?"

"Marahaba, Mama Agape. Sikumwona. Kwani kafanyaje?"

Nilipomweleza alivua kofia. Akasema tutangulie kutazama huko simu itakakoonyesha, yeye anapita nyumba za juu kuulizia, na kama hatujampata atapiga pembe watu wakusanyike. Pembe lenyewe lilikuwa limening'inia palepale kwenye nguzo. Ni la kuitia watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji. Akaiacha ndiva ikiwa imefungwa.

Mshale wa simu ulituelekeza bondeni, mita mia saba. Nilitaka tushuke moja kwa moja, mama akanishika mkono.

"Tuzunguke huku."

"Mama, huku ni mbali."

"Tuzunguke," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

Ilibidi nikumbuke mwenyewe. Njia ya moja kwa moja inapita kando ya mpungi. Nilipoolewa Elinaza alinionyesha kwa mbali: msitu mdogo wa miti mikubwa ulioachwa katikati ya mashamba, ambamo wazee wa ukoo wao zamani waliweka mafuvu ya wafu wao. Hakuna anayekata kuni mle, na watoto hawachezi. Watu wanakwenda kanisani, wanabatiza, wanabariki ndoa, na bado hakuna anayekata kuni mle. Nilicheka aliponieleza. Asubuhi ile sikucheka, nilizunguka.

Simu ilitufikisha kwenye mkuyu ulioota kando ya korongo. Chini ya korongo kijito kilikuwa kinapiga kelele, maji ya masika bado yapo. Niliita, "Elinaza!" Nikauzunguka mkuyu mara mbili nikitazama chini, maana nilichokuwa nakitafuta ni mtu aliyeanguka, sikutaka kujidanganya. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na jani lililokanyagwa. Juu, kwenye tawi la tatu, ulining'inia mzinga mkuukuu wa gogo.

Inabidi nieleze kwamba mimi naogopa kupanda hata ngazi ya kubadilishia balbu. Ni mke wa fundi umeme, na balbu nazitazama kwa heshima. Lakini kama jina lake lilikuwa ndani ya kile kidaftari, ningejua alifika, ningejua aliondoka salama, na tungemtafuta kwenye njia ya kurudi. Nilivua viatu. Nikakumbuka kwamba nimevaa gauni na mama mkwe wangu amesimama chini.

"Mama..."

Alielewa. Aligeuka akaupa mkuyu mgongo, akajifunika kanga kichwani. "Nimetazama pembeni, mwanangu. Panda."

Nilipanda. Sijui niseme nini kuhusu kupanda zaidi ya kwamba niliogopa kila hatua. Magome ya mkuyu yalikuwa na unyevu na yanateleza. Kwenye tawi la kwanza nilikumbatia shina nikafunga macho, nikasali Salamu Maria nikaikosea katikati. Kwenye tawi la pili niliteleza, goti likachubuka, nikasikia mama anauliza, "Uko salama?" bila kugeuka. Nikasema niko salama. Ulikuwa uongo.

Tawi la tatu nililifikia kwa tumbo. Nikajivuta mpaka kwenye mzinga. Nikaugonga kwa kidole nikatega sikio, maana mtu kusema mzinga hauna nyuki ni kitu kimoja, na nyuki wenyewe kukubaliana naye ni kitu kingine. Kimya. Ulikuwa na mfuniko wa ubao upande mmoja. Nikaufungua, nikaingiza mkono gizani nikiwaza nyoka, nikagusa plastiki.

Lilikuwa kopo la kuwekea chakula, la mfuniko wa bluu. Ndani kulikuwa na kipande cha penseli, kigari cha kuchezea, na kidaftari kwenye mfuko wa nailoni. Nilikifungua kwa meno kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshikilia uhai wangu. Ukurasa wa kwanza mwalimu aliandika hongera. Ukurasa wa pili ulikuwa mweupe. Nikafunua wa tatu, wa nne, nikafunua mpaka mwisho, kisha nikarudia tangu mwanzo, kwa kuwa nilikuwa na hakika jina lake limo na ni mimi nisiyeliona.

Halikuwamo. Elinaza hakufika pale.

Hofu niliyokuwa nayo mpaka dakika ile ilikuwa na mahali pa kushika: yuko kwenye kopo, nikifika kwenye kopo nitamwona. Sasa ilikuwa haina mahali. Milima yote ile, makorongo yote yale, na yeye anaweza kuwa popote. Nililia pale juu. Machozi yalidondoka kwenye ukurasa mweupe na nikayafuta kwa kidevu, kana kwamba kuna mtu atanikaripia kwa kuchafua daftari lake.

Kisha nikaanza kumwaza Elinaza mwenyewe. Elinaza si mtu wa kushindwa na fumbo lile, alizaliwa ndani yake. Angehitaji ubao wa nini? Zamu za nyumba sita alizijua tangu yuko darasa la pili. Ubao niliuhitaji mimi, mtu wa kuja.

"Mama!" niliita. "Zamu hizi ziliwahi kubadilika?"

Mgongo wake haukugeuka.

"Zilibadilika mbili tu. Jumatatu ilikuwa yetu. Anayechukua Jumatatu ndiye anayefagia mfereji wote uliolala Jumapili. Baba yenu alipofariki, mimi peke yangu ningeweza? Nikabadilishana na Paschal, nikachukua Jumamosi yake."

"Elinaza anajua?"

"Hajawahi kuuliza."

Miaka tisa tangu hapo mwanamume anabeba mahindi ya mama yake kwa magunia, na hajawahi kuuliza yamemwagiliwa siku gani. Ningemgombeza angekuwepo. Nikaitoa simu kwenye sidiria, nikaegemeza mkono kwenye mzinga, nikapiga hesabu upya kwa kosa lake. Kwa Asheri, moja badala ya sita. Kwa Paschal, sita badala ya moja. Tarakimu nyingine zote zilibaki zilivyo. Nikaingiza, nikasubiri mshale utulie.

Ukatulia ukielekeza ng'ambo ya korongo. Mita mia moja na thelathini. Chini tulipokuwa tumesimama vichaka vilikuwa vimeziba kila kitu, lakini kutoka tawini nilipaona: vilele vya miti mikubwa, myeusi, imekusanyika pamoja katikati ya mashamba ya mahindi. Nilijua ni wapi. Nikauliza tu ili niambiwe sijakosea.

"Mama, miti ile ya ng'ambo ni mpungi?"

Akaivuta kanga usoni.

"Mama?"

"Ndiyo."

Nikaona mabega yake yanacheza chini ya kanga. Alikuwa analia, na sidhani kama alianza sasa hivi. Alisema akiwa ametazama vichaka, na ilibidi niiname kwenye tawi ili nimsikie.

"Jana jioni nilikuwa nakata majani ya ng'ombe pale chini. Nikaitwa. Mara ya kwanza nikadhani nimesikia vibaya. Ikaita tena: mama, mama. Inatoka mpungi. Huku kwetu, Mama Agape, sauti ikikuita kutoka mpungi huitiki. Ukiitika umekwenda nayo. Nilifundishwa nikiwa mdogo kuliko Agape. Nilitupa mundu nikakimbia, nikafunga mlango, nikasoma Zaburi mpaka kibatari kikazimika."

"Sauti ya nani, mama?"

"Ya Elinaza."

Nilidhani nitaanguka. Nililala juu ya tawi nikalikumbatia kwa mikono na miguu.

"Nilijua amekufa," akasema. "Walio hai hawaiti kutoka mle. Ulipofika asubuhi ukaniuliza yuko wapi, ningekuambiaje?"

Nilitaka kushuka nimshike mabega nimtikise. Mwanao amekuita, nawe umekwenda kusoma Zaburi! Nashukuru nilikuwa juu ya mti, la sivyo ningesema maneno ambayo hayarudi. Badala yake nilivuta pumzi ili niite.

"Usiite!" Sasa aligeuka. Alinitazama moja kwa moja, gauni langu na magoti yangu yaliyochubuka na kila kitu, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mama Agape, nakuomba. Usiite kule. Atakayeitika si yeye!"

Ningependa kusema nilimpuuza. Mimi ni Mkatoliki niliyesoma mpaka kidato cha nne. Lakini nilikuwa juu ya mti, mkono mmoja umeshika mzinga, mbele yangu msitu wa mafuvu, na mwanamke ninayemheshimu kuliko wote ananililia nisiite. Kwa muda, sijui mrefu kiasi gani, nilitazama vile vilele vya miti na niliogopa kumwita mume wangu.

Kisha nikaita. "Elinazaaa!"

Kijito kikaendelea na kelele zake. Niliita tena mpaka koo likauma. Ndege waliruka kutoka mpungi wakazunguka wakatua. Na hapo, chini ya kelele za maji, nikasikia kitu kinagonga. Ko. Ko. Bati kwenye jiwe.

Mama alikaa chini palepale alipokuwa, akafunika uso.

Ilisimama. Ikagonga tena. Nilitaka iwe yeye kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na bado kuna sehemu yangu ilikuwa inasema, na kama si yeye? Basi nikafanya jambo ambalo labda ni la kijinga, lakini lilikuwa fumbo na yeye anapenda mafumbo.

"Elinaza! Kama ni wewe, Agape ana miaka mingapi?"

Ko.

Ko.

Ko.

Ikanyamaza. Mwanangu ana miaka minne. Nilihesabu pumzi zangu, moja, mbili, nikahisi mkojo unanitoka, sioni haya kusema. Mama alikuwa ameondoa mikono usoni. Midomo yake ilikuwa inatamka kitu bila sauti.

Ko.

Sijawahi kuona mtu wa miaka sitini na nane akikimbia vile. Kabla sijaanza kushuka, alishapita kwenye vichaka akaingia korongoni, kanga imebaki kwenye miba, na nilimsikia akiitikia. Alikuwa hasemi Elinaza, hasemi mwanangu. Alikuwa anaitikia kama mwanamke anavyoitikia akiitwa, ila kwa kupiga kelele, tena na tena, akivuka maji, akipanda ng'ambo, akiingia kwenye mpungi ambao hajawahi kuukanyaga maisha yake yote:

"Abee! Abee! Abee!"

Mimi nilibaki mtini nikimpigia kelele Paschal. Upepo ulikuwa upande wetu. Dakika chache baadaye nikasikia pembe kutoka ndiva, refu, mara tatu, na watu wakaja kama wanavyokuja pembe likilia, kila mmoja na jembe au panga, wakidhani mfereji umebomoka. Majembe hayo ndiyo yaliyochimba ngazi kwenye ukingo wa korongo ili machela waliyoifunga kwa miti na kanga ipite. Waliingia mpungi wote. Mzee mmoja alisita kwenye mti wa kwanza, Paschal akamwambia, "Tangulia au nipishe," naye akatangulia.

Elinaza alikuwa kwenye ufa kati ya miamba miwili. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, na sauti imekwisha kabisa. Mkononi alikuwa na chupa yake ya bati, imebonyea upande mmoja, na simu yake iliyopasuka ilikuwa kando. Mama alikuwa amekaa kwenye matope amempakata kichwa.

"Nilipanda mara tatu," akaniambia, kwa kunong'ona. Midomo ilikuwa imepasuka. "Kila mti. Halipo. Tawi la mwisho ndilo lililokatika. Lakini hesabu ilikuwa sahihi, Devotha. Jumatatu ni yetu. Baba alinifundisha."

Paschal, ambaye Jumatatu ile ilikuwa yake na maji yake yalikuwa bado yamefungwa kule juu, aliinama akashika mpini wa machela.

Walipomnyanyua, Elinaza alimtazama mama yake. "Jana nilikuona," akanong'ona. "Ulikuwa na mundu. Nilikuita."

Mama angeweza kusema hakusikia. Kijito kile kina kelele, kila mtu pale angemwamini, na mimi ningenyamaza.

"Nilisikia," akasema. "Nilijua ni wewe. Ndiyo maana nilikimbia."

Elinaza aligeuza uso upande wa pili. Walimbeba hivyo mpaka barabarani.

Hospitali walimwekea vyuma. Mama alikuja kukaa nasi Same anisaidie, na nyumba yetu ikawa ya ajabu. Elinaza hakumvunjia adabu hata mara moja. Alimwamkia kila asubuhi, shikamoo, basi, na neno la pili hakulisema. Akitaka kitu ananiambia mimi. Mwambie Bibi Agape chai imetosha. Muulize Bibi Agape kama kuna mtu amefika. Wiki sita hakumwita mama.

Naye mama akaanza kuitikia. Mtoto wa Salha akimwita mama yake ng'ambo ya ukuta, mama mkwe wangu anaitikia, "Abee!" Muuza samaki akipita na kelele zake, "Abee!" Mwanzoni Agape alicheka, baadaye akaacha. Mimi nilikuwa naumwa moyo kila mara, na nilimchukia Elinaza kidogo, na nilimwelewa. Nilikumbuka pia kwamba nami nilishika mzinga ule nikaogopa kumwita. Hilo sijamwambia mpaka leo.

Alhamisi moja alasiri nilikuwa nimekaa mlangoni na mama, tunachambua maharage. Elinaza alikuwa chumbani na magongo yake. Redio imezimwa, majirani wameondoka, mtaa umetulia. Mama akainua kichwa ghafla.

"Abee!"

Akasikiliza. Hakukuwa na mtu. Nikaona anaelewa kwamba hakukuwa na mtu, akainamisha uso kwenye ungo, na vidole vyake vikawa vinaokota maharage mazima anayatupa pamoja na mabovu.

Kutoka ndani nikasikia magongo yanasogea, kisha yakasimama.

"Ndiyo, mama," Elinaza akasema. "Nimekuita. Naomba maji ya kunywa."

Hakuwa ameita. Nilikuwa karibu na mlango, ningesikia. Mama aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kumpelekea maji.